Malori ya Alhamisi

Inspekta Peris Moraa aliingia Manfuha, mtaa mmoja wa Riyadh, saa nne asubuhi, amevaa abaya ya kuazima iliyomzidi urefu kwa vidole vinne. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya kuazima. Ofisi yake ya upelelezi wa fedha za umma ilikuwa imempa siku tano Saudia, na siku mbili zilikwisha kuliwa na mihuri. Tikiti ya ndege ilikuwa imelipiwa na Kaunti ya Maruli, kaunti ileile ambayo haikuwa imewalipa makarani wake mshahara kwa zaidi ya miezi ishirini. Atakayeshangaa hilo hajawahi kuishi karibu na makao makuu ya kaunti.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia. Dominic Wafubwa, karani wa ushuru kwenye kizuizi cha Kamutandi, alikuwa rumande kwa shtaka la kuiba mapato ya kaunti. Kila lori la miwa lililopita hapo lilitakiwa kulipa shilingi mia nne. Mwaka wa juzi, yaani 2016, kizuizi kilikuwa kikiandika malori sitini kwa siku. Sasa kitabu kilionyesha mawili, mara matatu, mara moja. Ni kweli kiwanda cha sukari cha Maruli kilikuwa kimefungwa, eti kwa matengenezo, lakini waziri wa fedha wa kaunti, Hezron Lumasai, aliwaambia wanahabari kwamba miwa sasa inapelekwa kaunti jirani kwa njia hiyohiyo ya Kamutandi. Kitabu cha Dominic kilimuunga mkono. Kama malori mawili yanapita, nani kasema hamsini na nane mengine hayapiti? Yamo mfukoni mwa karani.

Tena wapelelezi walipoifungua simu ya Dominic, walikuta pesa zikimwingia kila mwisho wa mwezi kutoka Riyadh, mara kumi na nne mfululizo. Hapo hata waliokuwa na shaka waliimeza. Pesa za kaunti zimetoroka, wakasema, zimeenda Uarabuni kutakaswa, zinarudi nyumbani kama mahujaji.

Tatizo lilikuwa moja. Nyumba ya Dominic ilipekuliwa, benki zikaandikiwa barua, mama yake akachimbiwa hata shamba la viazi, na hakuna kilichopatikana. Dominic mwenyewe, kwa ushauri wa wakili, hakuwa amefungua mdomo tangu akamatwe ila kuomba maji. Jumatatu kesi ingesikizwa. Peris asiporudi na mtu wa Riyadh, hakimu angemwachilia Dominic aende nyumbani kwa kukosa ushahidi, na Inspekta Peris Moraa hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi alikuwa amepoteza kesi mbili, na zote mbili alizikumbuka kwa namba za majalada.

Jina lililotuma pesa zile kumi na nne lilikuwa Hillary Shikuku, mwenye ikama, yaani kibali cha ukaazi, ya dereva, makazi Manfuha. Peris alimhojia ndani ya gari la ubalozi, injini ikinguruma ili ubaridi usikatike, kwa sababu mwanamke na mwanamume wasio ndugu hawakuwa na mahali pengine pa kukaa pamoja mtaa ule bila kuulizwa. Hillary alikuwa mrefu, mwenye shati lililofifia mabegani, na alikuwa akiendesha gari la duka moja la samani huko Al-Suwaidi. Alikaa kiti cha nyuma akiwa amekunja magoti yake marefu.

"Hizi pesa ni zako?" Peris aliuliza, akimwonyesha karatasi.

"Ningekuwa na pesa kama hizo, afande, ungenikuta Manfuha?"

Peris alimwambia maskani ya mtu si hoja, kwamba alikwisha kumkamata mwizi wa mamilioni akilala kwenye kibanda cha mabati. Akamwambia pia kwamba barua moja kwa polisi wa hapa ingetosha kumfanya kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, aanze kuuliza dereva wake hutumia nani pesa na kwa nini. Hakuwa na barua hiyo, wala hakuwa na nia ya kuiandika. Lakini Hillary hakujua, na jasho lilimtoka pamoja na ubaridi wote ule.

Akasema. Pesa zilikuwa za mwanamke mmoja wa kwao aliyekuwa akifanya kazi za ndani huko Al-Suwaidi. Ikama ya mwanamke huyo ilikaa kwa kafili pamoja na pasipoti, na bila ikama hakuna duka la kutuma pesa litakalokupokea hata riyali moja. Basi kila mwisho wa mwezi, akitoka kutupa takataka, alimpa Hillary pesa zimefungwa ndani ya soksi ya mtoto, naye Hillary alizituma kwa jina lake. Hakuchukua chochote zaidi ya ada ya kutuma. Miezi mitatu iliyopita mwanamke alihamishiwa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kumtunza mama mzazi wa madam wake. Tangu hapo pesa zilikuwa zikiletwa na dereva wa basi.

"Anaitwa nani?"

"Emmaculate. Emmaculate Nafuna."

Peris aliandika jina hilo taratibu, ingawa moyo ulikuwa umemruka. Alikuwa nalo kwenye jalada. Emmaculate Nafuna alikuwa karani mkuu wa kizuizi cha Kamutandi hadi mwaka mmoja na ushei uliopita, alipoacha kazi bila barua wala kwaheri. Kwenye orodha ya kaunti aliandikwa mtoro. Tena alikuwa dada yake Dominic, wa tumbo moja. Hapo kila kitu kilijipanga chenyewe: dada kaiba, kakimbia, ndugu kabaki kulinda shimo, na mgawo unatumwa kila mwezi. Bosi wa Riyadh amepatikana, na anaosha vyombo ili asishukiwe.

"Huyo mama hana pesa, afande," Hillary alisema, kama aliyeyasoma mawazo hayo. "Mwezi wa pili aliniomba sabuni. Kwani mtu ameiba mamilioni aombe sabuni?"

Peris alimjibu kwamba wezi wengi ni bahili, kisha akaomba simu yake.

Humo ndimo alimokuta jambo jipya. Madam hakuwa amempa Emmaculate mtandao, kwa hiyo kila Jumamosi alimtumia Hillary meseji ya kawaida, naye Hillary akaipeleka kwa Dominic. Dominic alikuwa amezifuta zote. Hillary hakuwa amefuta hata moja, si kwa ujanja bali kwa uvivu. Zote zilifanana. Jumatatu mbili, Jumanne moja, Jumatano tatu, Alhamisi mbili, Ijumaa moja, Jumamosi mbili. Wiki nyingine namba zilibadilika kidogo, lakini mpango ulikuwa ule ule, na hapakuwa na salamu wala habari za nyumbani.

"Mbili nini?" Peris aliuliza.

"Mimi nilidhani ni dawa," Hillary alisema. "Nilidhani Dominic ni mgonjwa na dada yake anamkumbusha."

Peris hakucheka. Alipiga picha meseji hamsini na nane, moja baada ya nyingine, akamwachia Hillary simu yake na woga wake, akarudi ubalozini.

Walimpa chumba kidogo chenye meza na kalenda ya mwaka uliopita. Akatandaza nakala ya kitabu cha risiti cha Kamutandi upande wa kushoto, meseji upande wa kulia. Mwanzoni alidhani namba zile ni mafungu ya pesa, mbili ikiwa elfu mbili, tatu ikiwa elfu tatu. Alijumlisha, akatoa, hazikulingana na pesa zozote zilizotumwa. Akajaribu kuzisoma kama tarehe, zikakataa. Saa sita na nusu aliletewa chai na kijana wa mapokezi, akaisahau ikapoa.

Kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya kwanza. Aliweka kidole kwenye Jumatatu ya meseji, kingine kwenye Jumatatu ya kitabu. Meseji mbili, kitabu malori mawili. Jumanne moja, lori moja. Jumatano tatu, malori matatu. Alikwenda hivyo wiki nzima, halafu mwezi mzima, halafu miezi yote. Zililingana kila siku bila kukosea hata mara moja.

Kwa hiyo dada alikuwa akipewa taarifa ya malori yaliyopita, Peris aliwaza, na alikuwa karibu kuliandika hilo alipoangalia tena juu ya meseji. Zilitumwa Jumamosi. Si baada ya wiki hiyo, bali kabla yake.

Aliiweka kalamu chini. Mwanamke aliyefungiwa kwenye nyumba ya watu Uarabuni, asiye na mtandao wala pasipoti, atajuaje Jumamosi kwamba Alhamisi ijayo malori mawili ya miwa yatapita Kamutandi?

Hakuna ajuaye hivyo. Anayepanga ndiye ajuaye.

Akaitafuta siku moja aliyoikumbuka kutoka kwenye jalada. Mwezi wa nne mwaka huu, usiku wa kuamkia Alhamisi ya tatu, mafuriko yalikuwa yamelizoa daraja la mto ulioko nusu kilomita kabla ya kizuizi. Siku ile nzima, hadi daraja la muda lilipowekwa, hakuna gari lililopita, hata pikipiki ilivushwa kwa mabega. Peris alifungua ukurasa wa Alhamisi hiyo. Malori mawili, shilingi mia nane, risiti zimekatwa vizuri, pesa zimepelekwa benki jioni yake.

Malori yale hayakuwapo. Pesa zake zilikuwapo. Dominic hakuwa akificha malori ya kaunti, alikuwa akiyabuni, na kila alilobuni alililipia ushuru kwa pesa zilizotoka Riyadh. Kwa miaka kumi na mmoja Peris alikuwa akifuatilia pesa zikitoka serikalini kwenda mifukoni mwa watu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuziona zikitoka mfukoni mwa mfanyakazi wa ndani kwenda serikalini.

Alimpigia mwendesha mashtaka, Jeremiah Kisaka, huko Nairobi. Alimweleza yote kwa dakika sita. Jeremiah akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona mlango.

"Basi wizi umekufa," alisema. "Jumatatu hakimu atamwachilia. Lakini kughushi kitabu cha mapato ya umma, Peris, hilo ni kosa peke yake. Sheria haiulizi nani alifaidika. Risiti ya lori lisilokuwapo ni risiti ya uongo. Siku mia tatu na zaidi za risiti za uongo. Ataozea ndani."

"Meseji hazitoshi?"

"Meseji zina namba tu, hazina neno lori. Wakili atasema ni dawa. Na siku moja ya daraja ataiita kosa la tarehe. Mtu pekee wa kusema malori hayakuwapo ni Dominic, naye amefunga mdomo. Ama dada yake. Aseme mwenyewe, aandike, atie sahihi. Bila huyo mwanamke hatuna kesi. Ukimpata, tunayo nzima."

Peris akauliza kama hilo la kaunti kudai malori hamsini na nane litatajwa mahakamani. Jeremiah akasema la nini. Kaunti ilitaka mtu wa kufungwa, na mtu yupo. Mahesabu mengine ni ya wanasiasa.

Kesho yake mchana alikuwa Jeddah. Ubalozi ulikuwa umemwomba kafili ruhusa, kafili akamwachia mkewe, aliyekuwa huko kwa mama yake, na mkewe akaruhusu mazungumzo hadi adhana ya alasiri, sharti na yeye awepo. Nyumba ya Al-Nuzha ilikuwa ya ghorofa mbili, na ndani ilikuwa baridi kuliko Limuru. Madam, mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alimkaribisha Peris kwa heshima, akamwekea tende, akakaa upande wa pili wa chumba na simu yake. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata alimwambia Peris kwamba msichana wake ni mzuri, hana tatizo, mafi mushkila, na kama ameiba huko kwao, hapa hajaiba.

Emmaculate aliingia akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na picha ya jaladani ilikuwa ya mwanamke mnene. Alimtazama Peris usoni, akaiona ile sura ya mtu wa serikali ambayo hata abaya haiwezi kuificha.

"Dominic amekufa?" aliuliza.

"Hapana. Yuko rumande."

Mwanamke akakaa chini kabla ya kuambiwa akae. Madam akainua macho, kwa sababu wasichana wa kazi hawakai kwenye kochi lile, kisha akayarudisha kwenye simu.

Peris alimweleza shtaka la ndugu yake, kisha akamsomea onyo kama sheria inavyotaka. Kwamba halazimiki kusema lolote. Kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumiwa kama ushahidi. Alilisoma lote, neno kwa neno, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na hakuna hakimu ambaye angeweza kumlaumu. Hakumwambia kwamba Dominic angetoka Jumatatu kama yeye angenyamaza. Onyo halina sentensi hiyo.

"Mwaka mzima natafuta mtu wa serikali wa kumwambia," Emmaculate alisema. "Wamesema mdogo wangu ameiba malori. Malori gani, afande? Hakuna malori."

Basi akasema, na Peris akaandika. Ilianza zamani, alisema, kabla ya shida yoyote. Pale Kamutandi walikuwa na desturi waliyoiita kulaza lori. Siku ikiwa nzuri, risiti za malori mawili ya mwisho hawakuziandika leo, walizilaza hadi kesho, ili asubuhi ya kesho isianze na kitabu kitupu. Msimamizi akipita mapema na kukuta kitupu alitukana. Hakuna aliyeiba, kila lori liliandikwa, ila lililala njiani usiku mmoja. Makarani wote wa barabara ile walifanya hivyo, na yeye alifundishwa na aliyemtangulia.

Kisha serikali kuu ikafuta ushuru wa sukari ya nje.

"Nyinyi wa Nairobi mlifurahi, sukari ilishuka," alisema. "Sisi maghala yetu yalijaa, kiwanda kikashindwa kuuza, kikazima mitambo. Miwa ikakaukia shambani. Si ile ya kiwanda tu, hata hiyo kaunti jirani kiwanda chao kilizima wiki mbili baada ya chetu. Sasa lori litoke wapi? Na ushuru wa miwa ndio uliokuwa mkono wa kaunti. Mapato mengine ni ya soko na maegesho, si kitu."

Kutoka chumba cha pili sauti ya kikongwe iliita, "Imma! Imma!" Emmaculate akasimama, akaenda, maji yakasikika yakimiminika, akarudi baada ya dakika tano na kuendelea palepale alipoachia. Peris alitazama saa.

Mgao wa kaunti kutoka hazina kuu nao ukaanza kuchelewa, Emmaculate alisema. Kwanza mwezi mmoja, halafu mitatu, halafu bunge likapunguza na fungu lenyewe. Kaunti zikaambiwa zikaze mkanda na zikusanye mapato yao zenyewe. Waziri Lumasai akaja Kamutandi na magari matatu, akasoma amri: kizuizi kitakacholeta sifuri siku tatu kitafungwa, makarani wake wafutwe, na aliyefutwa asidai mshahara wa nyuma.

"Mlikuwa mnadai wa miezi mingapi?"

"Wakati huo mitano. Tuliambiana, hazina ikituma mgao tutalipwa wote kwa mkupuo. Tungoje tu. Wiki ya kwanza tuliandika malori yaliyokuwa yamelala. Yakaisha. Wiki ya pili tukachanga."

Walikuwa watu wanne kizuizini, na tayari walikuwa na chama chao cha kuchangiana kila wiki. Wakakigeuza. Badala ya kumpa mmoja wao sufuria au godoro, kila wiki mmoja alilipia malori ya wiki hiyo. Wakachanga hadi wakauza kuku. Ilipofika wakati hakuna mwenye kitu cha kuuza, walipiga kura nani aende Uarabuni. Ajenti alikuwa akizunguka vijijini na pikipiki akiwatafuta wasichana, naye hakuuliza umri. Kura ilimwangukia Emmaculate, na hakuilalamikia, maana yeye ndiye karani mkuu, tena ndiye aliyemtafutia Dominic kazi ile.

"Karibu mshahara wangu wote unaenda huko," alisema. "Nabakiza wa sabuni, na wakati mwingine haubaki."

"Kwa nini hamkuandika sifuri, wafunge kizuizi, mwende nyumbani?"

Emmaculate alimjibu kwa swali.

"Afande, wewe umeajiriwa na serikali kuu. Mshahara wako unachelewa?"

"Hapana."

"Basi huwezi kuijua sifuri."

Peris aliandika na hilo. Alimwonea huruma, huruma ya kweli, na mkono wake ukaendelea kuandika kwa mwandiko uleule. Akauliza kuhusu meseji. Emmaculate akaeleza kama mtu anayejivunia kazi yake, na pengine ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima kuulizwa juu ya jambo analolijua. Dominic alikuwa hodari wa mabavu, kizuizi kilimhitaji, lakini hesabu hakuziweza. Angeachiwa mwenyewe angeandika lori moja kila siku, na lori moja kila siku linaonekana limechorwa. Siku za malori hupanda na kushuka. Jumatano huwa na mengi kwa sababu wavunaji hulipwa Jumanne. Basi yeye alimpangia wiki kutoka huku, akideki sakafu na kupanga, ili kitabu kifanane na kitabu.

"Alhamisi ya mafuriko," Peris alisema. "Daraja lilikuwa limeondoka."

Mwanamke akashika kichwa. "Aliandika? Siku ile aliandika?"

"Mawili."

"Nilimwambia mawili." Alicheka, na machozi yalimtoka papo hapo. "Huyo mtoto hunisikiliza mno. Tangu mdogo. Ukimwambia kaa hapa, nyumba itaungua naye yumo."

Madam akauliza kwa nini analia. Peris akasema habari za nyumbani. Madam akatikisa kichwa kwa huzuni, akasukuma sahani ya tende karibu na Peris.

Sasa ulibaki ule mstari mmoja ambao Jeremiah aliutaka. Peris aliusoma kwa sauti kabla ya kuuandika, ili usije ukasemekana umepenyezwa. Kwamba kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani hakuna lori hata moja la miwa lililopita Kamutandi, na kwamba risiti zote za kipindi hicho ziliandikwa na Dominic Wafubwa kwa maelekezo ya mtoa maelezo, wote wawili wakijua kwamba malori hayo hayakuwapo.

"Ni kweli?"

"Ni kweli tupu," Emmaculate alisema. "Ongeza hakula hata shilingi. Andika hivyo. Andika alikuwa akitoa, si kuchukua."

Peris akaongeza. Haikuharibu kitu, pengine ilisaidia. Aliyelipia risiti anaijua risiti.

Emmaculate alisoma kurasa zote saba kwa jicho la karani. Kwenye ukurasa wa nne alikuta tarehe imekosewa, akaomba kalamu, akaisahihisha na kuweka herufi za jina lake pembeni, kama inavyotakiwa. Kisha akatia sahihi chini ya kila ukurasa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kusomeka hata na hakimu mwenye miwani mibovu. Haukuwako ushahidi bora kuliko huo kwenye jalada zima, na Peris, ambaye alikuwa ameusafiria bahari, alijua thamani yake.

"Kwa hiyo Jumatatu atatoka?"

"Nitayapeleka kwa mwendesha mashtaka kama ulivyoyasema," Peris alijibu. "Sitapunguza neno."

Emmaculate alilipokea jibu hilo kwa mikono miwili. Alisema Mungu ambariki. Alisema alikuwa akimwomba kila siku amtumie mtu mmoja tu wa kusikiliza mpaka mwisho, maana huko nyumbani kila aliyeanza kusikiliza aliondoka katikati.

Adhana ya alasiri ilianza kwenye msikiti wa jirani. Madam akafunga simu yake, akasimama, akasema halas, imetosha, lakini kwa upole. Emmaculate alimwomba dakika moja. Alitia mkono ndani ya kitambaa cha kichwa, akatoa noti zilizokunjwa nyembamba, akamwekea Peris mezani karibu na tende.

"Hizi ni za mwezi huu, sijampata dereva wa basi. Wewe unarudi moja kwa moja," alisema. "Dominic akiwa ndani, pale kizuizini ameachwa Zipporah, mwenzetu wa kuchanga, peke yake. Yule mwingine amekwisha kimbia. Na mwisho wa mwezi kaunti inafunga mwaka wake wa fedha. Akiandika sifuri sasa, watu watapoteza mishahara ya nyuma yote, hata Dominic atakapotoka hatakuta kazi. Nakuomba, dada. Mfikishie. Mwambie Jumatatu mbili, Jumanne moja, mengine anajua."

Alikuwa amemwita dada, si afande. Peris alizihesabu noti mbele yake, mbele ya madam, akazitia ndani ya bahasha ya plastiki, akaifunga. Akaandika juu yake tarehe, mahali, na neno kielelezo. Emmaculate alitazama yote hayo akiwa ametulia. Kwake, mtu anayezifungia pesa za watu vizuri hivyo ni mtu wa kuaminika.

Peris akafungua ukurasa mpya wa daftari lake.

"Zipporah nani?" aliuliza. "Nataka jina lake kamili."

Emmaculate akamtajia, Zipporah Khatenje, na namba ya simu, na nyumba ya tatu baada ya posho mill. Alitaja polepole, akingoja kila herufi iandikwe, ili pesa zisije zikapotea njiani.